Kula mimea tu: faida zake, hatari zake na uzito wa mwili

Maswali juu ya chakula yameongezeka katika makanisa yetu. Wengine wanauliza kama Mkristo anayeacha nyama anapata afya kuliko wenzake. Wengine wamepokea kwenye simu ujumbe unaosema kwamba siku 21 za mboga na maji zinaondoa tansyo na ugonjwa wa sukari. Wamama wengi wa mjini wanauliza namna ya kupunguza mwili. Na kuna wale wasiouliza kitu, kwa sababu hawajaonja nyama tangu Noeli, na hawakuiacha kwa kupenda.

Tumeandika makala hii kwa ajili ya wachungaji, mashemasi, viongozi wa vikundi vya wamama na kila mshirika anayetaka kuwajibu ndugu zake kwa ukweli. Sisi ni wachungaji, hatuchukui nafasi ya daktari wala ya muuguzi. Tunakusanya yale ambayo utafiti umeonyesha, tunayaweka mbele ya sahani yetu ya hapa mashariki, kisha tunauliza Maandiko yanatufundisha nini. Jambo moja litarudi katika kila sehemu: kuacha nyama peke yake hakumpi mtu afya. Inatupasa kutazama kinachobaki kwenye sahani, na kumtazama yule anayekula.

Maneno na maana yake

Kuna watu wasiokula nyama wala samaki, lakini wanakunywa maziwa na kula mayai. Kuna wengine wasiokula kitu chochote kinachotoka kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, siagi, na wengi wao hata asali. Hawa wa pili ndio wanaoitwa "vegan". Jina hilo lilitungwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson pamoja na wenzake wachache. Kuna pia kundi la tatu, wale ambao chakula chao kingi ni mimea, na nyama au samaki huja mara moja moja.

Familia nyingi za vijiji vyetu ziko katika kundi hilo la tatu bila kujiita jina lolote. Bugali, sombe, lengalenga, maharagi, ndizi, viazi vitamu, karanga na mafuta ya mawese ndivyo vinavyojaza juma. Samaki mdogo anaingia siku ya soko. Mbuzi au kuku anachinjwa siku ya harusi au mgeni akifika. Basi mtu asidhani kwamba kula mimea ni jambo geni lililoletwa na simu. Jambo geni ni kuichagua njia hiyo ukiwa na uwezo wa kununua nyama.

Madaktari wawili wa Uganda

Ili kuelewa pande mbili za swali hili, tuvuke mpaka wetu kidogo. Hugh Trowell alikuwa daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1929 hadi miaka ya 1950. Aliporudi kwao alitawazwa kuwa kasisi wa Kanglikana. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland na mwamini wa kweli, alifika Uganda mwaka 1946 na kutumika huko karibu miaka 20, kwanza Lira, halafu hopitali ya Mulago, Kampala.

Wote wawili waliona kwamba magonjwa yaliyojaza hopitali za Ulaya yalikuwa machache sana kwa wanavijiji waliowatibu. Ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba, ugonjwa wa sukari wa watu wazima, unene, hata kufunga choo, havikuonekana sana. Walielekeza macho kwenye chakula: nafaka isiyokobolewa, mizizi, maharagi na majani, vitu vyenye nyuzinyuzi nyingi. Mwaka 1975 walitoa pamoja kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa, na mafundisho yao yakabadilisha mawazo ya waganga katika nchi nyingi.

Lakini Trowell huyohuyo alitumia miaka mingi kando ya vitanda vya watoto wenye ugonjwa ambao sisi Kivu tunauita bwaki: miguu kuvimba, nywele kugeuka rangi, ngozi kubanduka, mtoto kukosa furaha. Daktari Cicely Williams alikuwa ameueleza kutoka Ghana katika miaka ya 1930 na kuuandika kwa jina la watu wa huko, kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Waganga bado wanajadiliana juu ya chanzo chake chote. Hata hivyo mara nyingi uliwapata watoto waliolishwa uji wa muhogo au wa ndizi, bila kitu cha kujenga mwili.

Tazameni basi. Ni nchi moja na mashamba yaleyale. Chakula cha mimea kilimlinda baba mtu mzima asipatwe na ugonjwa wa moyo, na mtoto wake mdogo akaugua kwa kukosa kilichopungua katika chakula hichohicho. Mtu akihubiri upande mmoja tu, anawadanganya nusu ya wasikilizaji wake.

Uzito wa mwili

Wale wanaokula mimea tu kwa kawaida wana uzito mdogo kuliko wengine. Mfano unaotajwa sana unatoka kwa ndugu zetu Waadventista wa Marekani na Kanada. Kuanzia mwaka 2002, chuo kikuu cha Loma Linda, California, kiliandikisha washirika zaidi ya 96,000 na kuwauliza juu ya chakula na afya yao. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2009, wasiokula chochote cha mnyama walikuwa na kipimo cha uzito cha wastani 23.6, na wale waliokula nyama kwa kawaida 28.8.

Kipimo hicho kinapatikana hivi: chukua kilo za mtu, ugawe kwa urefu wake katika mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Mama mwenye mita 1.60 na kilo 75 anapata karibu 29. Kwa mtu mzima, kati ya 18.5 na 25 ni vizuri. Kufika 25 na kupita ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa hatari, na chini ya 18.5 ni upungufu. Kwa mama huyo, kushuka hadi kilo 64 kungemrudisha kwenye 25. Kipimo hiki hakitumiki kwa mama mwenye mimba.

Kwa nini mimea inapunguza uzito? Hakuna muujiza ndani yake. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu moja ya wanga au ya protini ina 4. Majani, matunda na maharagi yamejaa maji na nyuzinyuzi, kwa hiyo tumbo linashiba kabla kalori hazijawa nyingi. Mwaka 2021 Kevin Hall na wenzake, katika taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, walitangaza jaribio la watu 20 waliolala na kula palepale. Kila mmoja alikula chakula cha mimea chenye mafuta kidogo kwa juma mbili, na chakula cha wanyama chenye mafuta mengi na wanga kidogo kwa juma mbili. Waliruhusiwa kula mpaka washibe. Katika juma za mimea walikula karibu kalori 690 pungufu kila siku, wala hawakusema kwamba wana njaa zaidi. Lakini sukari ya damu yao ilipanda zaidi baada ya kula, kwa sababu wanga ulikuwa mwingi. Mwenye ugonjwa wa sukari na aliweke neno hilo moyoni.

Mwaka 2019 mtafiti huyohuyo alikuwa ameonyesha kwamba vyakula vilivyotengenezwa sana viwandani viliwafanya watu kula karibu kalori 500 zaidi kwa siku kuliko chakula cha kawaida cha jikoni. Hapo ndipo wengi wetu wa mjini tunapoteleza. Mandazi yametoka katika ngano, mafuta na sukari: ni mimea. Soda ni maji na sukari, na chupa ya sentilita 33 inaweza kubeba gramu 35 za sukari, yaani vijiko vidogo saba au nane. Viazi vya kukaanga, biskuti, mkate mweupe na chai yenye vijiko vinne vya sukari, vyote havina nyama. Mtu anaweza kuacha nyama mwaka mzima na kuongezeka kilo kumi.

Tukumbuke pia mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya aina yoyote kina kalori kama 120. Mawese yetu mekundu yana faida kubwa, kwa sababu rangi yake inaupa mwili vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mtoto. Lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni ya namna inayopandisha kolesteroli. Sombe iliyoungwa kwa vijiko viwili kwa familia yote ni baraka. Sombe inayoogelea ndani ya mawese ni jambo jingine kwa mtu mzima mwenye uzito mkubwa.

Katika nchi yetu kukonda kuna maana yake. Mtu akipungua, majirani wanaanza kunong'ona kwamba ana ugonjwa au amefilisika. Akinona, wanasema Mungu amembariki. Mchungaji anayezungumza juu ya uzito ajue kwamba anagusa heshima ya mtu. Asimtaje mtu kwenye mimbari, na asifanye mwili wa mama yeyote kuwa mfano wa mahubiri.

Sukari, tansyo na moyo

Katika utafiti ule wa Waadventista, ugonjwa wa sukari wa watu wazima ulionekana kwa watu 2.9 katika 100 wa wale wasiokula chochote cha mnyama, na kwa 7.6 katika 100 wa wala nyama. Tofauti hiyo ilibaki hata watafiti walipozingatia uzito na mazoezi, ingawa ilipungua. Lakini tukumbuke kwamba wengi wa washirika hao hawavuti tumbako wala hawanywi pombe. Utafiti wa kuangalia watu wanavyoishi hauwezi kutenganisha kabisa chakula na maisha mengine.

Tansyo nayo hushuka mtu akila matunda, majani na maharagi kwa wingi na kupunguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo, na ale angalau gramu 400 za matunda na mboga. Vile vipande vidogo vya kuunga mchuzi vinavyouzwa dukani, sehemu yao kubwa ni chumvi. Mama anayetia vipande vitatu ndani ya maharagi, kisha akaongeza chumvi, amepika chakula cha mimea ambacho hakitamsaidia mume wake mwenye tansyo.

Juu ya nyama yenyewe, mwaka 2015 kitengo cha Shirika la Afya Duniani kinachochunguza saratani kilitangaza kwamba nyama iliyotengenezwa viwandani, kama soseji na nyama ya kopo, inaleta saratani ya utumbo mkubwa. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa katika daraja la "huenda". Tangazo hilo linamhusu zaidi mtu anayeila kila siku. Familia inayopata nyama mara mbili kwa mwaka isitiwe hofu kwa habari hiyo.

Upande wa pili nao usemwe. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliofuata watu kwa miaka 18 na kutangazwa mwaka 2019, wasiokula nyama wala samaki walipungukiwa na ugonjwa wa moyo kwa asilimia 22 kuliko wala nyama. Lakini kiharusi, ambacho hopitali zetu zinakiita AVC, kilionekana kwao kwa asilimia 20 zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa utafiti huohuo walionyesha kwamba wale wa mimea tu walivunjika mifupa kwa asilimia 43 zaidi. Sehemu ya sababu ilikuwa wepesi wa miili yao na upungufu wa kalisiamu na protini. Kila njia ya kula ina mlango wa kulinda.

Yale ambayo mimea haitoi, au inatoa kidogo

La kwanza ni vitamini B12. Inatengenezwa na vijidudu, na sisi tunaipata katika nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Mboga, maharagi na matunda havitupi B12 ya kutegemea. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, lakini asipozipata damu inapungua, mikono na miguu inakufa ganzi, kutembea kunayumba na kumbukumbu inapotea. Ini linaweka akiba ya miaka, kwa hiyo mtu anaweza kuacha vyakula vya wanyama leo, akajisifu kwamba ni mzima, na madhara yakaonekana miaka miwili au mitano baadaye. Uharibifu wa mishipa ya fahamu ukichelewa kutibiwa, wakati mwingine haurudi nyuma. Anayechagua mimea tu kwa muda mrefu ni lazima atumie vidonge vya B12 au chakula kilichoongezewa. Asiye na njia ya kuvipata, asichague njia hiyo.

Jambo hili linawahusu sana wagonjwa wa sukari. Dawa ya metformini, ambayo wengi wao wanatumia, ikitumiwa miaka mingi hupunguza B12 mwilini. Mgonjwa anayeimeza na wakati huohuo ameacha nyama, samaki, mayai na maziwa ana hatari mara mbili.

La pili ni madini ya chuma, yanayojenga damu. Chuma kimo katika maharagi, soja na majani, lakini mwili hukipokea kwa shida kuliko kile cha nyama. Kuna njia za jikoni za kusaidia: kuloweka maharagi usiku, kuchachusha unga wa uji, kula tunda lenye vitamini C kama ndimu, chungwa au pera pamoja na chakula, na kuacha chai au kahawa hadi saa moja au mbili baada ya kula. Mashariki mwa Congo na Rwanda kuna pia mbegu za maharagi zilizochaguliwa kwa kuwa na chuma kingi. Chama cha wakulima wa parokia kinaweza kuuliza habari zake katika kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA kule Mulungu.

La tatu ni zinki, kalisiamu na iodini. Kalisiamu iko kwa wingi katika samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, kama sambaza na ndagala. Iodini tunaipata katika chumvi iliyotiwa iodini.

La nne ni protini iliyo kamili. Mahindi yanapungukiwa na kile ambacho maharagi yanacho, na maharagi yanapungukiwa na kile ambacho mahindi yanacho. Wazee wetu walipoviweka pamoja katika sahani moja walifanya vema. Shida inakuja pale ambapo maharagi yanakosekana, ikabaki bugali ya muhogo na majani kidogo, kwa sababu muhogo una protini ndogo sana.

Muhogo mchungu

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Tangu zamani mama zetu wanajua kuloweka, kuanika na kutwanga. Lakini vita vinapokimbiza watu, au njaa inapobana, siku za kuloweka zinafupishwa. Hapo unakuja ugonjwa wa konzo: miguu inakakamaa ghafla na haiponi tena. Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, na jina lake kwa lugha ya Kiyaka lina maana ya miguu iliyofungwa. Umeonekana hata Burhinyi, Kivu Kusini, katika miaka ya vita. Unawapata hasa watoto na wamama vijana ambao chakula chao ni muhogo karibu peke yake, kwa sababu mwili unahitaji protini ili kuishinda sumu hiyo.

Kinga yake inajulikana. Muhogo mchungu ulowekwe siku tatu au zaidi, kisha uanikwe vizuri. Kwa unga ambao haukulowekwa ipasavyo, mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia alifundisha njia rahisi: changanya unga na maji, utandaze uwe mwembamba, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo upike siku hiyohiyo. Sombe nayo itwangwe vizuri na kuchemka kwa muda mrefu bila kufunikwa. Anayewaambia watu kwamba kila kitu cha mimea ni salama kwa sababu Mungu amekiotesha, na aikumbuke konzo.

Watoto, wenye mimba na wanaonyonyesha

Katika nchi yetu watoto zaidi ya wanne katika kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwao chakula chenye asili ya mnyama hakina budi kutafutwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili apate kila siku kitu kama yai, samaki au nyama, pamoja na matunda, mboga na maharagi. Yai moja, au kijiko cha unga wa sambaza ndani ya uji, kinafanya kazi kubwa. Maziwa ya mama yaendelee hadi miaka miwili na zaidi, na katika miezi sita ya kwanza yawe peke yake.

Mtoto anayenyonya kwa mama asiye na B12 anaweza kudhoofika na kuharibika ubongo ndani ya miezi michache, hata kama mama mwenyewe anajiona mzima. Kwa hiyo mama mwenye mimba asiache samaki, mayai na maziwa kwa sababu ya mafundisho ya mfungo. Aende CPN, apewe vidonge vya chuma na asidi foliki, na avimeze hadi mwisho.

Mashemasi wanaotembelea familia wajifunze utepe wa kupima mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, chini ya milimita 115 ni hatari kubwa, na chini ya 125 anahitaji msaada. Miguu iliyovimba ni hatari kubwa hata utepe usipoonyesha. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Maombi yaende pamoja naye njiani.

Mfungo wa Danieli na dawa za hopitali

Wengi wanaoacha nyama makanisani wanafanya hivyo kwa jina la Danieli. Tusome vizuri. Katika sura ya kwanza, vijana wanne wanakataa chakula cha mfalme ili wasitiwe unajisi, wanaomba mboga na maji kwa siku kumi, na mwisho wa siku hizo wanaonekana wamenenepa na kuwa wazuri kuliko wenzao. Andiko halisemi kwamba walipunguza mwili, wala hakuna mgonjwa aliyeponywa ndani yake. Jambo lililokuwa hatarini lilikuwa uaminifu wao kwa Mungu ndani ya nyumba ya mfalme mgeni. Katika sura ya kumi, Danieli akiwa mzee anaacha nyama na divai kwa juma tatu za maombolezo. Maana yake siku nyingine alivitumia.

Mfungo ni mzuri, na sisi wenyewe tunaufundisha. Lakini mgonjwa wa sukari anayemeza glibenklamidi au anayejichoma insulini, akipunguza chakula ghafla, sukari yake inaweza kushuka hadi akatetemeka, akatoka jasho, akaanguka na hata kufa. Akiamua kuacha dawa mwenyewe, inapanda na kumharibu macho, figo na miguu. Mwenye tansyo akiacha dawa kwa sababu anajisikia vizuri, anajifungulia mlango wa kiharusi. Mwenye figo mbovu anaweza kudhurika hata kwa ndizi na maharagi mengi. Watu hawa, kabla ya kuingia katika mfungo, waonane na muuguzi au daktari. Chakula kizuri kinaweza kupunguza haja ya dawa, lakini anayepunguza dawa ni yule aliyepima damu.

Sahani ya nyumbani

Kwa mtu mzima wa mjini mwenye uzito mkubwa, shauri letu ni fupi. Nusu ya sahani iwe majani na mboga: lengalenga, kabichi, sombe yenye mafuta kidogo, biringanya. Robo iwe maharagi, soja au kunde. Robo iwe bugali, viazi au ndizi. Tunda lifuate. Samaki mdogo au yai viingie mara kadhaa kwa juma. Maji yachukue nafasi ya soda. Karanga na avoka ni vizuri, lakini kwa kipimo, kwa maana vina mafuta mengi. Tena atembee kwa miguu.

Kwa familia ya kijiji au ya wakimbizi inayokula bugali na majani tu, shauri linageuka. Waongeze mafuta kidogo, karanga, maharagi, na chochote cha mnyama kinachopatikana, mtoto na mama mwenye mimba wakipewa kwanza. Mila ya kumpa baba nyama yote na kuwaachia watoto mchuzi tuiache.

Neno kwa kanisa

Mungu aliwapa wanadamu mimea katika Mwanzo sura ya kwanza, na baada ya gharika akawapa pia wanyama. Bwana wetu, baada ya kufufuka, alikula samaki mbele ya wanafunzi wake. Paulo, katika Waroma 14, anamjua ndugu anayekula mboga tu na ndugu anayekula vyote. Anawakataza kudharauliana na kuhukumiana. Kwa hiyo anayechagua mimea asijione mtakatifu kuliko wengine, na anayekula nyama asimcheke.

Lakini katika Wakorinto wa Kwanza sura ya 11, Paulo huyohuyo aliwakemea watu walioshiba mezani mwa Bwana huku ndugu zao wakibaki na njaa. Katika makanisa yetu wanakaa kwenye benchi moja mtu anayetafuta kupunguza kilo kumi na mama ambaye mtoto wake hajaona yai mwezi mzima. Tunaomba kila parokia iwatazame wote wawili. Yule wa kwanza akipunguza soda, nyama na mafuta kwa ajili ya afya yake, pesa inayobaki inaweza kununua mayai na sambaza kwa kapu la mashemasi. Kufunga kwa namna hiyo, nabii Isaya alikwisha kukufundisha katika sura ya 58.

Bwana awape afya ninyi na watoto wenu.